Sababu ya Kulikataa Gari

Holwerd, 3 Septemba

Binti yangu Jeltje,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, mgongo tu unanikumbusha umri. Natumaini wewe na wagonjwa wako hamjambo, na baridi ya huko Tromsø haijaanza kuwauma. Mama yako yuko vilevile. Wauguzi wa kituo cha wazee huko Dokkum wakimlisha anafunga mdomo. Nikifika mimi saa sita na mkate wa sukari, anakula mpaka vipande vya mwisho.

Nina shida. Lile gari jipya nililoagiza mwezi wa tano silitaki tena. Rangi ya kijivu imenichosha hata kabla sijaiona. Nilimwendea Hoekstra, yule muuzaji magari wa Dokkum, akacheka. Akasema, mzee, sahihi yako hii hapa, na gari liko kiwandani. Wewe unaelewa mikataba. Nitafutie namna ya kujitoa. Usipige simu, kwenye simu sijui kueleza.

Baba yako

Tromsø, 14 Septemba

Baba mpendwa,

Hujambo? Mimi sijambo, ila zamu zimenibana. Nimbusie Mama.

Nimesoma mkataba wako mara mbili. Ukijitoa sasa wanakudai asilimia kumi na tano ya bei, na rangi si sababu watakayoikubali. Kumpa mtu mwingine oda hakuruhusiwi. Ukilichukua na kuliuza papo hapo ni hasara zaidi: likishaandikishwa kwa jina lako, hata kama halijatembea, sokoni ni mtumba. Ushauri wangu, lichukue, liendeshe majira ya baridi, uliuze wakati wa Pasaka watu wakianza kutafuta magari. Wewe umeendesha miaka hamsini bila mkwaruzo. Miezi michache itakushinda nini?

Lakini Baba, mbona mwandiko wako umekuwa mkubwa hivi? Mistari inapanda juu ya mingine.

Mwanao, Jeltje

Tromsø, 20 Oktoba

Baba,

Salamu. Wiki tano sijapata neno. Kituoni wananiambia unakuja kila siku, kwa hiyo najua u hai. Hoekstra naye ameniandikia: gari linafika katikati ya Novemba, na wewe humjibu. Nimekukosea? Kama ni fedha, sema. Kama ni Mama, sema. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao, Jeltje

Holwerd, 2 Novemba

Jeltje mwanangu,

Sikuulizi hali leo, nisamehe. Nikianza na salamu sitafika kwenye jambo lenyewe.

Macho yangu yanakufa. Katikati ya kila ninachokitazama pana doa, na doa linakua. Daktari aliniambia mwezi wa nane: kuanzia leo, Douwe, usishike usukani. Nikamwitikia, nikatoka nje, nikawasha gari, nikaenda kumlisha mama yako. Ungefanyaje? Basi la hapa linafika Dokkum saa tisa. Yeye anakula saa sita, na anakula kwangu tu. Ningemwonyesha Hoekstra barua ya daktari labda angenitoa kwenye mkataba, lakini siku hiyo hiyo kijiji kizima kingejua. Ndiyo maana nikasingizia rangi.

Nikaendelea na gari la zamani. Ile barabara naijua kwa mikono, nilijiambia.

Wiki iliyopita nilimgonga Aukje, jirani yetu. Alikuwa kwenye baiskeli, ukingoni kabisa. Sikumwona, Jeltje. Nilisikia tu. Nilimvuta kutoka mferejini na mkono wake umening'inia. Yeye ndiye aliyenifariji. Aliwaambia polisi jua lilikuwa chini, mzee wa watu lilimpiga machoni. Na mimi nikasimama pale nimelowa mpaka kiunoni, nikaitikia kwa kichwa.

Kesho yake niliendesha tena.

Sijui mimi ni mtu gani sasa. Nikiacha, mama yako anakufa njaa. Nisipoacha, nitaua mtoto wa mtu. Nimekaa na funguo mezani tangu asubuhi.

Baba yako

Tromsø, 8 Novemba

Baba yangu,

Nimelia, kisha nimekasirika, sasa naandika. Nimeomba likizo, nafika tarehe ishirini na nane, mapema zaidi wamekataa. Mwambie Aukje kabla sijaja. Si mimi wa kumwambia. Na funguo zitoke ndani ya nyumba yako leo, siyo kesho. Mama atashinda njaa siku chache mpaka tupate njia nyingine. Ndiyo, nasema hivyo, mimi muuguzi na mwanawe.

Mwanao, Jeltje

Holwerd, 24 Novemba

Binti yangu,

Salamu. Naandika kwa kalamu nene, univumilie.

Nilikwenda kwa Aukje. Aliposikia akanyoosha ule mkono mzima akasema, "Lete funguo." Hajanisalimu tangu siku hiyo. Polisi nao wameelezwa; wataniita. Kwa siku nne mama yako alikunywa maji tu.

Siku ya tano Hoekstra alikuja mwenyewe kunichukua nikapokee gari. Walikuwa wamelipamba kwa utepe. Akanikabidhi ufunguo, nikaketi kwenye usukani, mlango ukafungwa. Lilinukia upya. Nikamwambia, "Hoekstra, mimi sioni," nikampa barua ya daktari. Akaisoma, akatoa utepe, akaniambia nisogee. Kuna mteja anayengoja gari kama lile. Atampa yeye, nami nitapoteza malipo ya awali tu. Akatazama saa. Ilikuwa saa sita kasorobo. Akanipeleka kwa mama yako.

Mama yako alipokwisha kula, Hoekstra akatuzungusha kwa gari hadi kwenye tuta la kuzuia bahari. Nimepata chumba cha kupanga mkabala na kituo, Jeltje; mpaka nihamie, Hoekstra ananipeleka saa sita. Nyumba hii itauzwa. Baba yangu alizaliwa katika chumba ninachoandikia, na bado sijui nitaufungaje mlango.

Mama yako hakuwa amenitaja jina tangu Pasaka. Siku ile, nilipokuwa naingia kiti cha nyuma kando yake, alimtazama Hoekstra kwenye usukani, kisha akanigeukia.

"Douwe, mbona huendeshi wewe?"

"Leo nataka kukaa na wewe," nikamwambia.

Akasogea kunipa nafasi.

Baba yako