Kuosha Risasi za Baba

Mikumi,
Jumanne jioni.

Wifi yangu Debora,

Salamu zikufikie hapo Mabwerebwere, Kilosa, wewe na wote waliokuzunguka. Mama yako mwambie nampa shikamoo, na marahaba yake nimeshaipokea huku huku kabla hajaitikia. Mgongo wake umepoa? Na wewe, usingizi unakuja siku hizi? Sisi ni wazima, uzima wa watu waliochoka. Ningekupigia simu, lakini namba zetu zote umezifungia, na wala sikulaumu. Ningekuwa mimi ningefunga na mlango. Kwa hiyo barua hii nampa Ashrafu, kondakta wa basi la Kilosa. Ameapa hataifungua, ingawa umbea wake unaujua.

Kuku wako wa madoa ametotoa. Evance anawalisha vifaranga mwenyewe asubuhi kabla ya kwenda kazini, na hamruhusu mtu mwingine kuwagusa. Kaka yangu hajui kusema, wifi, hilo nalo unalijua kuliko mimi.

Ulipoondoka ndipo nilipoitwa kuja kumwuguza baba. Niliacha sufuria zangu za mama ntilie Dumila zikiwa bado jikoni, nikidhani nitakaa wiki mbili. Sasa hata wateja wangu wamenisahau. Baba tumbo linamkaza hadi anajikunja, viganja vimelegea, kijiko kinamponyoka. Namwogesha, ananifokea. Namlisha, anasema chumvi imezidi. Nikimfunika usiku ananishukuru kwa jina la marehemu mama. Nimechoka, Debora. Nimechoka mpaka nikikaa nasahau nilikaa kwa ajili gani.

Na kwa kuwa tumbo halina likizo, nilifungua tena kibanda chake cha shabaha pale wanapolala madereva wa malori. Wewe ulikiona kwa mbali tu, baba hakupenda wanawake wasogee. Sasa mwanamke ndiye mwenye kibanda. Madereva wanalenga vifuniko vya soda kwa bunduki ya upepo, anayepatia anapewa sabuni au biskuti, anayekosa anasema bunduki imepinda.

Baba alinifundisha kazi akiwa amekaa kwenye kiti uani. Risasi zake ni vile vidude vidogo vya kijivu vyenye kiuno kama nyigu, vinakuja ndani ya kopo vikiwa na vumbi jeusi. Usipoviosha, vumbi linajaa kwenye mtutu na risasi inakwenda kombo. Basi nilitakiwa kuvimimina kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu na sabuni, nivizungushe taratibu visibonyee, nimwage maji machafu, nirudie, kisha nivianike juu ya kitambaa. Vikikauka vinalainishwa kwa mafuta ya cherehani, tone moja tu kwa kopo zima, unavibingirisha mpaka ving'ae.

Nilipouliza chupa ya mafuta iko wapi, baba alicheka. Akasema mafuta ni ya wanaoanza. Mafuta yakizidi bunduki inatoa moshi na kupiga ovyo, yeye aliyaacha zamani. Mlenga shabaha wa kweli, alisema, hulainisha kwa mate. Unaweka risasi kiganja kizima shavuni, kama fundi nguo anavyobana pini midomoni, na kila mteja akija unamtemea moja imeshalainika. Ndivyo alivyofanya kutwa nzima, miaka yote hiyo. Nilijaribu siku moja, nikasikia utamu utamu wa ajabu kwenye ulimi, nikatema. Nikanunua mafuta.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penye kisa. Kile kikao cha ukoo kule Vidunda sikuwapo, lakini niliambiwa chote. Niliambiwa jinsi shangazi Paulina alivyosimama akasema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba ugonjwa wa kaka yake unapitia kwenye chungu cha mkwe. Niliambiwa uliamriwa kuonja kila chakula mbele ya watu kabla baba hajala. Na kwamba ulionja, mlenda, ugali, hata maji ya kunywa, mpaka asubuhi ile uliyotakiwa kuonja uji mbele ya majirani waliokuja kumjulia hali. Ukauonja, ukaweka kata chini, ukafunga nguo zako. Kilichonisumbua tangu nifike ni kimoja. Wewe ulishaondoka, mimi ndiye ninayepika, na baba anazidi. Sumu ya mtu aliye Kilosa inafikaje kwenye sahani ya Mikumi?

Nikamlazimisha Evance tumpeleke baba hospitali Morogoro. Daktari alikuwa binti mdogo, sauti ya chini. Alimpima, akaandika, akauliza anakula nini. Alipogeuka kuchukua kipimo, baba akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatupia kitu mdomoni kama mtu anayetafuna karanga. Daktari akamwomba ateme. Zikatoka risasi tatu juu ya kiganja cha binti wa watu. Akamfunua midomo, akanionyesha mstari wa rangi ya bluu kwenye fizi. Akasema madini ya hizi risasi ni sumu, yanaingia kwenye damu polepole na kukaa humo, na yeye asingeshangaa kama mzee ameyala miaka mingi. Damu ikapelekwa Dar. Majibu nimeyafuata Morogoro wiki iliyopita, na ni yaleyale aliyosema. Baba amepewa dawa. Daktari anasema tumbo litatulia, mikono hana uhakika.

Nilifurahi, Debora. Nililia kwa furaha ndani ya basi watu wakadhani tumefiwa. Nilitaka kukuandikia siku ile ile. Lakini baba alisema niache, maneno yameshapita, yakichimbuliwa yatanuka. Nikamwambia yananuka tayari. Jumapili, nilipokuwa namkata kucha, akaanza kusema kwa Kividunda, ile lugha yake ya mambo mazito, wala hakunitazama.

Alikuwa anajua. Mwaka jana wakati wa kupalilia alikwenda zahanati peke yake, na huko waliona zile fizi zake wakamwambia aache kuweka risasi mdomoni, zinamuua. Alirudi nyumbani hakusema, na tabia ile ikamshinda kuiacha. Shangazi akaitisha kikao, yeye akakaa palepale kwenye kigoda na kumsikiliza. Anasema aliona aibu. Mtu aliyerogwa huonewa huruma, lakini mlenga shabaha aliyejiua kwa risasi zake mwenyewe huchekwa mpaka na watoto. Kwa hiyo akakutazama ukionja. Kila chungu, wifi. Alikuwa anajua hakuna kitu, akala baada yako.

Nilimaliza kumkata kucha. Sikujua jambo lingine la kufanya.

Jumapili ijayo ukoo wote uko Vidunda kuibariki nyumba mpya ya shangazi. Nitasimama palepale uliposimamishwa, niyaseme haya yote, pamoja na hilo la zahanati. Baba amesema nikifungua mdomo hatakula tena kwa mkono wangu. Nimemjibu kwamba siku hiyo atalishwa na Evance.

Sikuandikii ili urudi. Kurudi ni kwako, na mimi nikiwa wewe sijui ningefanya nini. Ninaandika kwa sababu kila lililosemwa juu yako katika nyumba hii ulilisikia wewe wa mwisho. Hili la zahanati hata Evance hajalijua, wala shangazi. Nimetaka wewe ulisikie wa kwanza.

Wasalimie wote wa hapo, na mama mpe pole ya mgongo. Mungu akulinde kuliko tulivyokulinda sisi.

Ni mimi wifi yako,
Yudith Theodory.