Maneno Niliyomwaga Masese

Jumatano, baada ya magharibi

...na hapo ndio nikaongeza chumvi. Pale soko la Masese, kati ya wauza samaki, nikasema Zulaika, binti wa kaka yangu, kule yunivasiti anapika vitu vizito vya mionzi, vinachoma mpaka kizazi. Wote kimya! Na mimi nikafurahi, maana kunyamazisha wauza samaki si mchezo.

Sasa maneno imefika Mbale, mtaa wa Namakwekwe, kwa wakwe watarajiwa wa Zulaika. Wanasema hawataki mke ambaye hatazaa.

Leo Zulaika amenikalisha jikoni, akanieleza upya. Kumbe hapiki kitu! Anapiga hesabu tu: chembe mbili za atomi zikigongana, zitashikana zitoe kitu kizito kuliko vyote, ama hazitashikana? Zikija polepole zinakataana, zikija kwa nguvu sana zinapasuka. Hata zikishikana, kile kitu kinavunjika kabla hujapepesa jicho.

"Senga, mimi nashika kalamu na kompyuta. Mionzi itoke wapi, kwa kalamu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Macho ilikuwa nyekundu.

Na mimi ndio senga, shangazi wa kumsemea kwa wakwe. Ni kazi yangu, si ya mtu mwingine. Hajui maneno ilitoka kwa hii mdomo. Nilitaka kumwambia, nikamwongezea chai. Ya Allah, nitaanzia...

Ananiita huko nje.

"Senga, kimbia! Mama mkwe yuko kwa simu. Anasema akisikia kwako wewe kuwa ile ya mionzi ni uongo, ataamini!"