Pazia la Ubatizo na Samaki Mmoja

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo cha polisi, katikati ya Johannesburg
Tarehe: Jumapili, 15 Oktoba 2017
Muda wa kuanza: Saa 4:10 asubuhi
Jina: Ignace Kashindi Wilondja
Umri: Miaka 47
Kazi: Fundi cherehani, Doornfontein
Makazi: Berea, ghorofa ya tano (lifti haifanyi kazi, shahidi ameomba hili liandikwe)
Lugha: Kiswahili, kupitia mkalimani Amisa Mtulia

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu, ingawa tangu jana kuna watu wananifanya nitilie shaka hilo la akili.

Nimekuja kwa ajili ya Ruphin Asukulu, mdogo wake mke wangu Brigitte. Mnamshikilia tangu jana jioni kwa kosa la kuvua samaki kwa wavu na kukutwa na samaki. Karatasi yake ya ukimbizi inaisha kesho Jumatatu. Kesho saa moja asubuhi anatakiwa awe kwenye foleni Pretoria, yeye mwenyewe na uso wake, si mimi wala wakili. Nyinyi mnasema kesho anapelekwa mahakamani. Akiikosa hiyo foleni, karatasi imekufa, na kazi yake ya ulinzi imekufa pamoja nayo. Ndiyo maana tangu saa moja nimekalia benchi lenu pamoja na mke wangu, ambaye hasemi nami. Afande Sipho Radebe ameniambia nieleze kwa utaratibu, tarehe na saa. Bon. Naeleza kwa utaratibu.

Mimi ni mvuvi wa kujifurahisha. Leseni yangu ni hii hapa, haijaisha. Kwa miaka tisa, kila mwaka mvua za kwanza zikinyesha, nakwenda mto Vaal kwenye shamba la Bwana Deon, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka hapa mjini. Msimu huo samaki tunaowaita yelo hupanda mto kwa makundi, wakitafuta maji ya kina kifupi yenye changarawe ili watage. Sharti la shamba ni moja. Unavua kwa fimbo na ndoano, unamtoa samaki ndoano taratibu, unamrudisha majini. Kubeba samaki hakuna, na wavu ndio usiutaje kabisa.

Siku ya kwanza nilipomweleza Ruphin jambo hili, alinishika paji la uso aone kama nina homa. Akasema, "Shemeji, unaamka alfajiri, unamkamata samaki, halafu unamwambia kwaheri?" Sisi ni watu wa Uvira. Kule kwetu samaki ukishamtoa ziwani, yeye mwenyewe anajua anakoelekea. Na Brigitte naye ana jina lake, anawaita samaki wangu "samaki wa mdomoni", kwa kuwa anasema wanaishi mdomoni mwangu tu. Simu yangu ni ya tochi, haipigi picha. Miaka tisa nimerudi nyumbani na suruali yenye tope na hadithi, na hadithi haikaangwi. Nimewasomesha watu wa nyumba nzima kuhusu kurudisha samaki, hasa jike mwenye mayai. Mlinzi wa mlangoni akiniona na fimbo hujifanya analala.

Mnamo tarehe 10 Septemba, baada ya ibada, Mchungaji Ephraim alitangaza kwamba mwaka huu watu kumi na mmoja watabatizwa mtoni, si kwenye lile pipa la plastiki la uani. Akauliza nani anajua mto wenye maji ya kufika kiunoni, usio na mawe makubwa, maana Mama Tabia ana miaka sabini na mbili na magoti yake si ya kuchezea. Nani aliinua mkono? Mimi. Lakini tarehe sikupanga mimi. Nilimwambia, "Mchungaji, wiki hiyo samaki wanapanda." Akanijibu, "Ndugu Ignace, na sisi tunashuka." Kanisa zima likacheka. Mimi sikucheka.

Nilimpigia simu Bwana Deon nikamwomba kanisa lije lisali kando ya mto. Akakubali. Neno ubatizo sikulitaja, nikijua angeanza maswali ya watu kukanyaga changarawe. Hilo ni kosa langu, liandikwe.

Sasa kuhusu huo wavu. Afande, si wavu. Ni pazia. Mtu akitoka majini na kanzu nyeupe iliyolowa, hasa akina mama, anahitaji pa kujisitiri. Mwaka juzi walitumia shuka, upepo ukalichukua, watu wakaona yasiyowahusu. Kwa hiyo kiongozi wa akina mama akaniomba nishone kitu chepesi kisichobeba upepo. Nilikuwa na kitambaa cha mapazia ya dirisha, kile cheupe chenye matundu, kilichobaki kwenye kazi ya harusi. Nilikikunja mara nne ili kisionyeshe, nikatoa pazia la mita kumi na mbili, nikafunga mti kila upande wa kushikia. Na ili upepo usilinyanyue, nikashonea chini, kwenye pindo, risasi ndogo ndogo ninazotumia kuzamisha chambo. Risasi arobaini. Nilijisifu sana siku ile. Nilimwita hata jirani yangu wa karakana ya viatu aje aone kazi.

Kitu cheupe chenye matundu, kirefu, miti miwili, risasi chini. Ah, jamani! Fundi mzima, mvuvi mzima, nimeshona wavu kwa mikono yangu na sikuuona.

Jana Jumamosi tarehe 14 Oktoba basi la kanisa liliondoka Berea saa kumi na moja na nusu alfajiri. Tulifika mtoni saa moja na dakika ishirini. Ubatizo ulipangwa saa mbili. Saa mbili Mchungaji akaanza kuhubiri. Saa mbili na nusu alikuwa bado yuko jangwani na wana wa Israeli. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, na kule juu ya mto, kama mita mia mbili, nasikia samaki wanapiga maji kwa mikia. Niliondoka polepole na fimbo yangu. Ndiyo, wakati wa mahubiri. Mungu ameniona, na Ruphin pia aliniona, akanifuata.

Nilirudi saa tatu na nusu, ubatizo ndipo unaanza. Umeniuliza tena kuhusu kisanduku cha barafu kilichokutwa basini, afande. Nitakifikia. Umesema kwa utaratibu.

Ruphin alishika mti mmoja wa pazia, shemasi Bakiri akashika wa pili. Nilikuwa nimewaonyesha wasimame ukingoni, mahali pakavu. Walisimama wapi? Majini hadi magotini, eti Mama Tabia asitembee sana. Kumwelekeza Ruphin ni kutwanga maji kwenye kinu. Pazia likalowa, likazama na risasi zake zote, mkondo ukalijaza likatuna katikati. Na samaki walikuwa wanapanda. Yelo watatu waliingia kwenye mikunjo ya pazia wenyewe, bila kualikwa. Mama Tabia alikuwa ndiyo kwanza ametoka chini ya maji, akaona samaki anaruka mbele ya kifua chake, akapiga kelele ya haleluya iliyosikika hadi barabarani. Ruphin akacheka akasema, "Mungu ametuletea mboga!" Waimbaji wakapandisha wimbo.

Nikaingia majini na viatu. Nikamwambia, "Ruphin, waache! Waache sasa hivi!" Akaniangalia kama alivyoniangalia siku ile ya paji la uso. Lakini aliwaacha. Naapa mbele yenu kwamba aliwatoa mmoja mmoja kwa mikono miwili chini ya maji, kama nilivyomfundisha, na wote watatu waliogelea wakaenda zao. Hakuna samaki aliyetoka mtoni kupitia pazia lile.

Ng'ambo ya mto Bwana Deon alikuwa na darubini. Simlaumu. Alichokiona ni watu thelathini waliovaa nyeupe wamesimama juu ya changarawe ya mayai, wanaimba, wanakokota wavu wa mita kumi na mbili. Hata mimi ningepiga simu polisi.

Basi lilifika kanisani Berea saa kumi na dakika tano jioni, na polisi walikuwa wanatusubiri. Walifungua buti wakatoa pazia. Wakapanda ndani wakamwambia Ruphin ainuke, kwa kuwa alikuwa amekalia kisanduku cha barafu. Chini ya chupa za soda na barafu palikuwa na yelo mmoja mkubwa amefungwa kwenye taulo. Polisi akauliza, "Huyu ni wa nani?" Mchungaji alikuwepo. Brigitte alikuwepo, anatazama. Ruphin akasema, "Ni wangu."

Sijui nimwite nini mtu huyu. Usiku nimemtukana kimoyomoyo kwa lugha nne. Ana karatasi inayoisha Jumatatu, na anasema ni wangu! Nilipoongea naye dirishani leo asubuhi aliniambia, "Shemeji, ni samaki tu. Nilidhani watanifokea waniachie." Kwetu mtu hafungwi kwa samaki mmoja. Akaongeza, "Na wewe ungekosa mto wako." Nikajifanya natafuta leso.

Haya, afande, sasa kisanduku.

Saa tatu kasoro dakika kumi, Mchungaji akiwa bado anahubiri, samaki alichukua chambo changu. Chambo chenyewe ni kidudu cha bandia nilichokifunga dukani kwangu kwa uzi na kipande cha kitambaa cha khaki. Alinivuta dakika kumi na tano. Nilipomfikisha ukingoni nilipiga magoti majini. Sijawahi kumshika wa ukubwa ule, na kwa magoti yangu haya sidhani nitamshika tena. Nilimtoa ndoano. Nikamshikilia majini avute pumzi, kama ninavyowafundisha wengine kila siku, na ilibaki kufungua mikono tu. Nikamfikiria Brigitte anavyocheka mezani. Nikafikiria miaka tisa. Sikufungua mikono.

Nilimpiga kichwani kwa jiwe. Nikamfunga kwenye taulo langu la bluu, mtaliona lina alama ya chaki ya fundi, na nikamficha chini ya soda za kanisa. Ruphin aliyaona yote. Hakunicheka. Alisema tu, "Leo ni mkubwa, eh?" Akaenda kukalia kile kisanduku ili watoto wasikifungue.

Mkipasua tumbo lake mtakuta mayai. Niliyahisi nilipombeba. Ni jike aliyekuja kutaga, na nilijua. Nyani haoni kundule, na nyani mwenyewe ndiye huyu anayewasumbua na leseni yake tangu asubuhi.

Samaki ni wangu. Nilimvua kwa fimbo, si kwa wavu, na nilimbeba kinyume cha sharti la shamba. Ruphin hakuvua hata samaki mmoja. Basi lilipopekuliwa mimi ndiye nilipaswa kufungua mdomo, na niliufunga kwa sababu mke wangu na Mchungaji walikuwa wananitazama. Nimeona aibu tangu dakika ile na bado naiona.

Na kuhusu pazia, afande, naomba mlikunjue hapo sakafuni mlitazame upande wa juu. Nilikiacha kitambaa na utepe wake wa kuningʼinizia dirishani, na marinda yake. Nani duniani anavua kwa wavu wenye marinda? Aliyelishona ni mimi. Risasi ni zangu. Kama kuna wa kujibu kwa pazia hilo, ni mimi.

Mwachieni Ruphin leo. Basi la Pretoria la kwanza ni saa kumi na moja alfajiri, na ni mzito wa kuamka. Mtu amwamshe.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa yote kwa Kiswahili na sina la kupunguza.

Sahihi: I. K. Wilondja

MAELEZO YA AFISA

Maelezo yamekamilika saa 6:25 mchana. Yalipofika kwenye umiliki wa samaki nilimsimamisha shahidi na kumwonya kuhusu haki zake kupitia mkalimani. Alisema ameelewa, na kwamba nisimkatishe tena. Pazia limekunjuliwa: utepe na marinda vipo kama alivyoeleza. Taulo ni la bluu, lina alama ya chaki. Mwenye shamba amepigiwa simu, amethibitisha kwamba samaki watatu walirudishwa majini na mtu aliyeshika mti wa pazia. Ruphin Asukulu ameachiwa saa 8:40 mchana. Shahidi amebaki kituoni kama mtuhumiwa. Amekabidhi mkanda, simu, leseni ya uvuvi na sindano mbili zilizokuwa kwenye kola.

Kwa ombi lake samaki amepimwa mbele yake. Kilo nne na gramu mia moja. Tumbo lina mayai.

Mke wake, Brigitte, aliyekuwa akisubiri kaunta, ameomba kumwona samaki. Ameonyeshwa. Akasema, "Kumbe wapo." Kisha akauliza mume wake ataletewa saa ngapi chakula.

Sajini S. Radebe
Tafsiri: A. Mtulia