Kasoro za Nyumba Yetu

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya tathmini imefika. Kodi ya jengo imepanda karibu mara mbili! Mimi nimekaa chini. Mume wangu kasoma mpaka kwenye mstari unaosema "Ujenzi: bora sana", akasimama hapo hapo, akaurudia kwa sauti. Halafu akaibandika barua kwenye friji.

Nyumba hii kaijenga mwenyewe, jioni baada ya kazi, tangu nikiwa na mimba ya binti yetu. Miaka yote anangoja mtu aisifu. Hatimaye kapatikana — mkadiria kodi.

Nimemwambia, bwana wee, sifa hizi tutazilipia. Pensheni yake haitoshi, mapazia ninayoshonea watu hayatoshi. Itabidi tupangishe ghorofa ya juu, sisi tukalale chumba cha cherehani, miguu chini ya meza. Akasema basi kata rufaa. Nikate mimi! Yeye ana kazi ya kutazama friji.

Jumatano, 5 Machi

Halmashauri, asubuhi nzima. Zamani ulikuwa unaandika barua, karani anagonga muhuri, wanakupunguzia kidogo ili uwaondokee. Siku hizi kuna kanuni mpya. Karani, binti mpole mwenye kucha ndefu, kanisomea taratibu kama anayetangaza msiba. Mwenye nyumba aorodheshe kasoro za nyumba yake na aseme nani aliijenga. Kamati itakuja kukagua siku yoyote, bila taarifa, mara moja tu. Ikikuta mlango umefungwa, rufaa imekufa. Na ukishawasilisha, huwezi kuiondoa.

Nimeuliza kwa nini wamebadilisha. "Kumrahisishia mwananchi, mama." Nikashukuru. Ningefanyaje?

Kanuni ya saba nimeisoma nje, nikairudia: kasoro iliyosababishwa na mwenye nyumba mwenyewe haihesabiwi. Yaani ukijiharibia, umejiharibia. Sasa sisi nyumba nzima kaijenga mwenye nyumba mwenyewe!

Alhamisi, 6 Machi

Mume wangu kakaa na fomu ya rufaa na kalamu tangu chai mpaka adhuhuri. Nimekwenda kuchungulia: kaandika "Hakuna".

Nikamnyang'anya kalamu. Lo, jinsi ilivyoserereka! Ukuta wa bafuni unavuja jasho. Mlango wa chumbani unajifunga wenyewe. Dirisha la sebuleni limekaa upande. Ngazi ya nne imezidi wenzake kwa vidole viwili — sisi tunainua mguu bila kufikiri, wageni wanajikwaa. Nimejaza ukurasa, nikageuza nyuma. Kwenye "Aliyejenga" nikaandika: fundi wa kukodi, hajulikani alipo.

Kasoma yote, polepole. Kisha akauliza, dirisha la sebuleni limekaa upande vipi, mbona pazia limenyooka? Nikamwambia upande mmoja nimelikata refu zaidi. Tangu lini? Tangu tuhamie.

Katia saini, akatoka kumwagilia maua. Mvua ilikuwa inanyesha.

Jumamosi, 8 Machi

Leo kanisemesha mara moja: "Chumvi."

Jioni mara ya pili. Eti anaweza kunisamehe ukuta, anaweza kunisamehe dirisha, lakini huyo fundi! Nimemtoa wapi? Yeye kabeba mchanga kwa mkokoteni wa kuazima, mgongo ukamkaa vibaya mpaka leo, halafu mimi nyumba nampa mtu asiyekuwepo.

Imeniuma. Kile kipande cha pazia nilikikata refu kwa kumpenda, asione. Sasa nimemwonyesha kila kitu kwa siku moja, tena kwa nakala mbili. Nimempikia anachokipenda. Kala, kashukuru kama mgeni.

Jumanne, 11 Machi

Mtaa mzima umekata rufaa, na mtaa mzima unajichafua. Jirani wa geti jekundu kaling'oa geti, kaegesha bati. Mwalimu mstaafu wa mkabala kapaka tope ukuta alioupaka rangi mwaka jana, na mkewe anamwelekeza kutoka barabarani: ongeza hapo kushoto! Jana mwalimu huyo kaja kuniazima beseni langu lililopasuka. Nimemnyima. Nalihitaji mwenyewe.

Nami nimeshusha mapazia yote. Sebule imebaki kama mdomo usio na meno.

Mchana binti kapiga simu. Wazazi wa mchumba wake wanakuja Jumamosi kutufahamu! Mama mtu ni wa kupitisha kidole juu ya kabati. "Mama nakuomba, nyumba ing'ae." Nikasema itang'aa. Habari za rufaa sikumwambia, nisimharibie siku yake.

Ijumaa, 14 Machi

Nimegawa nyumba. Chini ni kwa wakwe, juu ni kwa kamati. Chini mapazia yamerudi, vitambaa vya makochi, sakafu unajiona. Juu beseni lililopasuka liko katikati ya ukumbi, na maji nimetia kabisa.

Mume wangu kanyoa ndevu, anapiga mluzi. Tangu asikie wakwe wanakuja anapita kila chumba akigongagonga kuta kwa kiganja. Nimemuuliza kamati ikija kesho je? Kacheka — mara ya kwanza wiki hii. "Watumishi wa umma, Jumamosi? Wewe nawe!"

Jumamosi, 15 Machi

Wamekuja. Wote!

Naandika nimesimama jikoni, daftari juu ya friji.

Wakwe wamefika saa nne, watu wazuri, kidole kimepita juu ya kabati kikarudi kisafi. Tuko kwenye chai — hodi. Watatu, na faili. Mwenyekiti wa kamati kavua kofia, kaomba radhi kwa usumbufu. Binti kanitazama. Nikasema ni wageni wa baba, wa halmashauri. Mama mkwe kafurahi: kumbe mzee ana watu wake!

Mwenyekiti kasema tuanzie juu. Mume wangu mbele, kamati nyuma. Na mama mkwe naye huyo, hakualikwa na mtu, eti na yeye aone vyumba. Sikuwahi kumzuia. Ngazi ya nne — puu! Goti.

Mwenyekiti katazama karatasi, uso umechanua: "Ngazi ya nne. Imethibitishwa." Mama mkwe kabaki kakaa pale pale, anauliza ni nini kimethibitishwa.

Hapo baba mkwe, maskini, akitaka kupoza mambo, kagusa ukuta. Kasema ajali ni ajali, lakini nyumba ni imara hii, fundi wake nani?

Na mwanangu, kwa sauti ambayo hata jirani wa geti kaisikia: "Baba mwenyewe! Kila tofali kaliweka kwa mikono yake!"

Kalamu ya mwenyekiti imesimama. Kageuza ukurasa. "Hapa pameandikwa fundi wa kukodi. Mzee, nyumba hii kaijenga nani?"

Mimi nimetumwa barafu ya goti. Nimekuja mbio, nashukuru Mungu kwa goti lile.

Mlango uko wazi nusu. Namwona mume wangu, mkono kwenye kile kishikio cha ngazi alichokipiga msasa siku nne. Akisema fundi, binti yetu ni mwongo mbele ya wakwe, na nyumba si yake tena. Akisema mimi, tunalala chini ya cherehani.

Kakohoa kidogo, kama anavyokohoa akitaka kupigwa picha.

Barafu inayeyuka kwenye sinki. Namwomba Mungu aseme fundi. Namwomba Mungu asiseme. Kanyoosha mgongo, ule mgongo mbovu, na sasa anafungua mdomo — naweka kalamu, nisikie.