Fahali Niliyempeleka Chuo cha Mapadri

Jumatatu, 6 Julai 1998
Nimekamua ng'ombe. Nimekula viazi. Binti yangu Kabula ameomba chuo cha sheria cha kanisa, kule mjini kando ya ziwa. Siku hizi hata mapadri wanaruhusiwa kufungua vyuo. Sawa. Damu yangu hiyo. Mimi darasa la tatu sikumaliza, lakini ni mtemi wa walinzi wa sungusungu hapa Kisesa. Wezi wakisikia nakohoa wanahama.

Ijumaa, 10 Julai
Kabula kaitwa kwenye usaili Jumatatu. Anataka kwenda peke yake. Nimekataa. Kwetu anayeomba kusikilizwa haendi mikono mitupu. Nimechagua fahali mweupe. Mke wangu kasema kule si kwenye baraza la wazee. Mwanamke hajui baraza.

Jumatatu, 13 Julai
Nilimswaga fahali toka alfajiri. Nilipopita mtaa wa Mabatini watu wakanitania, "Shikamoo mzee, unaenda kuoa padri?" Nikaitikia marahaba, nikacheka. Nikamfunga mbele ya ofisi. Padri mkuu akatoka. Kijana tu. Nikamwambia fahali ni wenu, binti yangu anaomba nafasi. Uso ukambadilika. Akasema hii ni rushwa, jina la Kabula litafutwa.
Rushwa. Mimi.
Kabula akatoka kwenye foleni ya usaili. Nilijua atanitetea.
"Padri, anayehonga huja kwa kificho. Baba kapita na fahali mchana, mji mzima umemwona. Kwetu ni heshima. Lakini amekosea. Fahali arudi, mimi niulizwe kama wenzangu."
Amekosea. Mbele ya watu. Tangu nizaliwe hakuna aliyenitamkia hivyo.
Padri akamtazama fahali, akasema Kabula ataulizwa, majibu baadaye.
Nimerudi na fahali. Mabatini wakauliza, "Mzee, mahari wameikataa?" Nikamswaga fahali haraka.

Alhamisi, 16 Julai
Sisemi na Kabula. Akiniamkia naguna tu. Mke wangu kasema mtoto akikosa nafasi kwa sababu yangu, yeye mke wangu anarudi kwao Magu. Miaka yote hajawahi kunitisha. Nyumba yangu imekuwaje?

Jumamosi, 25 Julai
Kabula kachukuliwa chuoni.
Majirani wamejaa, vigelegele. Nimekaa nje. Kabula kaja, kaketi karibu. Hakuomba msamaha. Na mimi sikuomba.
Nimewaza sana. Aliyenitamkia mimi vile, ataogopa hakimu gani?
Nimemwambia achukue blanketi langu zito. Asubuhi ziwani kuna baridi.