Jiwe la Arobaini la Bibi Mwashi

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Rangi,
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu Chapuchapu,

Hujambo? Shemeji yangu hajambo? Na wale pacha, meno yameshaota au bado mnalia wote wanne? Sisi huku wazima. Mama ametoka hospitali ya macho salama. Jicho la kulia lina bandeji, la kushoto anasema linaona ukungu tu. Mguu wangu wa kukanyagia cherehani bado unauma, lakini nashukuru, kazi ipo.

Sasa salamu zimekwisha, ngoja nikuulize. Nani alikutuma?

Nilikupa paswedi yangu ya gemu miaka sita iliyopita ili unitunzie farasi wangu wa humo nilipokuwa naumwa. Sikukupa ili uingie Alhamisi, mimi nikiwa na Mama hospitalini, umkabidhi Bibi Mwashi jiwe langu la arobaini! Eti umenisaidia, maana uliliona limekaa mkobani wiki mbili. Lilikaa kwa sababu nililiweka, ndugu yangu. Nilikuwa namsubiri Mama.

Wewe kwenye gemu hili unapenda majoka. Miaka kumi na moja tunacheza, na ukiulizwa hadithi nzuri ni ipi, utataja ile ya kuzingirwa kwa ngome, kwa kuwa ina kelele na panga zinawaka moto. Mimi zile kazi za kuua nguruwe mwitu ishirini na kuleta mikia zilinichosha zamani. Aliyezitunga sijui alikuwa na usingizi! Lakini aliyetunga ya Bibi Mwashi, huyo nampa mkono. Bibi kizee anajenga daraja peke yake juu ya korongo, kwa sababu mwanawe yuko ng'ambo na waliachana kwa ugomvi. Unamletea jiwe moja kwa wiki, halizidi. Halafu anakuuliza njia ilikuwaje, na ukimjibu kwa utulivu anakusimulia kipande kimoja cha maisha yake. Hakuna upanga wala dhahabu. Ukiwa na haraka, hupati kitu.

Mama ndiye aliyenifanya niifuate mpaka mwisho. Tangu macho yaanze kumsumbua, anakaa kando ya meza ya kukatia, anachambua vifungo kwa vidole, nami namsomea kila Jumapili baada ya chakula. Mawe thelathini na tisa! Anamgombeza yule bibi kama jirani yake: "Na wewe nawe ulizidi mdomo!" Jiwe la mwisho alisema nisiliguse mpaka atoke hospitali, tusikie pamoja kama kijana atavuka.

Wewe ukabonyeza "ruka", ukabonyeza tena, mpaka ukafika mwisho. Nimefungua nimekuta daraja limekamilika, nyundo iko chini, bibi hayupo, na maneno yale hayarudiwi. Nikakupigia nikuulize alisema nini. Eti, "Kuna kitu kuhusu sufuria, nadhani." Sufuria! Chapuchapu, nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja.

Na usiniambie nitafute mtandaoni. Nilitaka, Mama akanikataza. Hataki kusimuliwa na mtu asiyemjua. Nikasema basi nitaanza upya na mhusika mwingine. Akakataa pia. Akauliza wewe umefika jiwe la ngapi kwa upande wako. Nikamwambia la sita, uliishia hapo mwaka juzi ulipoona hakuna vita.

Sasa nisikilize. Simu zako siku hizi ni dakika mbili: Mama hujambo, dawa umepata, haya baadaye. Ile ya kabla ya operesheni, ulikata yeye akiwa bado anakujibu. Alibaki na simu sikioni, anaongea peke yake, mpaka nikamwambia umeshaondoka. Akasema una kazi nyingi. Sikukuambia siku ile, na iliniuma sana.

Jana alikuwa ameinamia vifungo vyake, nikadhani amesinzia. Kumbe anapiga hesabu.

"Yamebaki mawe thelathini na nne," akasema. "Basi atanipigia mara thelathini na nne."

Kwa hiyo utamsomea, neno kwa neno, hata yale anayoyajua. Na akianza kumgombeza bibi, mwache amalize.

Msalimie sana shemeji, na pacha uwabusu mashavu. Mama anakuombea afya na riziki. Mimi nakuombea subira, maana ndiyo uliyopungukiwa.

Nakupenda, usione nimefoka,

Dada yako wa cherehani.

Jiwe la saba ni Jumapili hii baada ya chakula. Atakuwa ameshika simu tangu asubuhi.