Vumbi la Juu ya Boriti

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute salama, wewe na shemeji, na lile jino liwe limeacha kukunyima raha. Mimi ni mzima. Liamini hilo kwanza kabla hujaendelea kusoma. Najua umesikia redioni kwamba kiwanda chetu cha chakula cha mifugo kimelipuka. Ni kweli, lakini hakuna aliyekufa.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Nilikuwa kwenye mashine ya kusaga mahindi niliposikia harufu ya mpira unaoungua. Ilitoka kwenye lifti ya nafaka, ule mnara wa bati wenye mkanda wa ndoo ndogo zinazopandisha mahindi juu. Nikamwendea msimamizi wetu, yule tunayemwita Saa Mbovu kwa kuwa hajui muda wa kutoka kazini, nikamwambia mkanda unasuguana mahali. Malori matatu yalikuwa yanasubiri mzigo. Angeweza kunirudisha kazini. Badala yake alinusa mara moja tu, akazima umeme mwenyewe, akatuswaga nje kama kuku.

Tulikuwa tumefika getini, wa mwisho akiwa mpishi wa kantini na birika lake mkononi, tuliposikia mshindo mdogo, kama mlango uliobamizwa. Nikadhani yamekwisha. Ukaja wa pili, paa likaruka. Dereva mmoja alichanwa shavu na kioo, akashonwa nyuzi sita; sisi wengine tuliambulia masikio kuvuma. Tulihesabiwa mara mbili, watu kumi na tisa, na mara zote mbili tukatimia. Watu wazima walikaa chini barabarani, wakacheka na kulia kwa pamoja.

Alhamisi akaja mkaguzi. Alitueleza kwamba moto ulikuwa umeshajificha ndani ya lifti, na ule mlipuko wa kwanza peke yake usingebomoa hata ukuta. Ila ulitikisa vumbi la unga lililolala juu ya boriti za paa, na vumbi hilo likitanda hewani huwaka lote kwa mpigo mmoja. Akauliza boriti zilifagiliwa lini. Msimamizi akaleta daftari la usafi: kila Ijumaa, saini. Mkaguzi akasema daftari hilo ni la uongo, na kwamba atakayelijibia ni msimamizi.

Dada, saini zile ni zangu. Wiki tisa sikupanda ile ngazi. Unajua nilivyo nikiwa juu ya kitu. Niliona haya kusema, nikawa nafagia pale mkono unapofika, natia saini, naenda zangu. Na tangu mlipuko watu walikuwa wakiisifia pua yangu, nami nimenyamaza.

Jana nilikwenda ofisini nikamweleza meneja kila kitu, mkaguzi na msimamizi wakiwapo. Nimepewa onyo la maandishi na kuondolewa mashineni. Kiwanda kikifunguliwa nitaanza upya ghalani. Msimamizi amebaki na kazi yake. Tulipofika nje aliniambia taratibu, "Ungesema tu unaogopa ngazi, ningepanda mimi."

Baada ya hapo nililala hadi jioni, usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu Jumanne.

Msalimie shemeji, na umweleze mama kwa maneno yako, maana yangu yameniishia.

Ni mimi mdogo wako,
niliye hai